Mikaratusi ya Shemeji Lusweti

Jumamosi, 15 Machi

Mvua imefika. Imekuja na kelele zake zote, ikang'oa hema moja na kulitupa kwenye shamba la jirani yangu Awinja. Wageni waliokuwa waje kutoka Kisumu wamepiga simu kusema wameahirisha. Waahirishe. Asiyetaka kulowa asije Kakamega.

Daftari hili ni wazo la Gentrix, rafiki yangu anayewapikia wageni hapa kambini. Amesema, "Mama Sylvia, hasira zako uwe unaandika. Ukiziachia mdomo, siku moja utamtukana mzee wa kanisa." Nimemwambia mzee mwenyewe akinikalia mbali hatatukanwa. Lakini daftari nimenunua.

Jumapili, 16 Machi

Mvua. Siafu jikoni. Nimewamwagia majivu.

Jumatano, 19 Machi

Kuna matanga Khwisero, kwa mama yangu mdogo. Nakwenda na Gentrix, tutarudi Jumamosi. Kambi nimeifunga, mahema nimeyakunja.

Jumamosi, 22 Machi

Nimerudi nikakuta nimepandiwa miti.

Ngoja niandike polepole. Mteremko wetu uko ukingoni mwa msitu. Ukisimama juu yake unauona msitu wote umelala chini, kilima cha Lirhanda kikiwa upande mmoja, na kwa mbali vilima vya Nandi ambako jua hutokea. Marehemu mume wangu, Isaiah, ndiye aliyesema watu wa mjini wangekuja kulala kwenye nyasi ili walione jua hilo. Watu walimcheka. Nani aache kitanda chake akalale chini kwa hiari? Wakaja. Isaiah aliondoka mwaka juzi, kifua kikamshinda, na mimi sikufunga. Nawapandisha wageni Lirhanda alfajiri, nawapeleka kwenye maporomoko ya Isiukhu, nawaonyesha mbega na vipepeo. Jioni Gentrix anawasongea obusuma, ugali wetu, na kuwapa ingokho, kuku wa kienyeji, halafu wanalala wakisikiliza wadudu. Hilo ndilo shamba langu. Wengine huku wanavuna miwa. Mimi navuna watu waliochoka na Nairobi.

Sasa pale pale kwenye nyasi, mahali pa mahema, kuna miche ya mikaratusi. Mistari imenyooka, kuanzia juu hadi chemchemi. Mikaratusi! Mti unaokunywa maji kama ng'ombe aliyetoka mnadani. Iache miaka michache tu, itakuwa ukuta. Hakuna jua, hakuna nyasi, chemchemi imekauka, na kambi imekuwa hadithi.

Nilimkuta mama mkwe wangu, Zilpah, anachambua mboga kwenye nyumba yake hapo chini. Nikamwuliza, "Mama, nani ameweka miti kwangu?"

"Lusweti alikuja na pikapu," akasema. Akaendelea kuchambua. Nikangoja neno la pili, halikuja.

Lusweti ni shemeji yangu, kaka mkubwa wa Isaiah, anayekaa mjini, mtaa wa Shieywe. Huku huja Krismasi, Pasaka na wakati wa kugawana kitu. Nikampigia.

"Shemeji, mbona unapiga kelele? Ni miti tu. Serikali yenyewe inasema tupande miti."

"Serikali ilisema upande mahali pa hema langu?"

"Mama Sylvia, tusikilizane. Isaiah hakuacha kijana. Ardhi ya wazee lazima ilindwe. Wewe endelea na utalii wako hapo katikati ya miti, hakuna amekufukuza."

Hakuna amenifukuza! Hata mtoto mdogo wa hapa anajua alichofanya. Kwetu mahindi ni ya msimu, mboga ni za mwanamke, lakini mti ni wa mwenye shamba. Anayepanda mti ametia sahihi kwenye udongo. Na mwanamke hapandi mti. Akipanda, mumewe hufa, au tumbo lake hufunga. Ndivyo tulivyofunzwa sote, wasomi na wasiosoma. Kwa hiyo Lusweti hakuhitaji wakili wala kelele. Alihitaji mvua na siku tatu nisipokuwepo.

Nilishika mche wa kwanza niung'oe. Gentrix akanidaka mkono. "Wewe! Mti wa mtu hung'olewa na aliyeupanda. Ukiugusa, kesi imekuwa yako, na yeye ndiye ameonewa."

Nimeuacha. Nimekasirika mpaka nasikia njaa.

Jumanne, 25 Machi

Pasta amenishauri nitafute mwanamume wa ukoo anipandie miti yangu upande wa pili, "ili mambo yalingane." Nimempigia Griffin, binamu wa Isaiah, mwendesha bodaboda. Amekubali haraka sana. Kesho asubuhi.

Jumatano, 26 Machi

Griffin hajafika. Simu imezimwa.

Alhamisi, 27 Machi

Simu bado imezimwa, na bodaboda nimeiona ikipita hapa mara mbili. Dereva akageuza uso upande wa miwa. Mwanamume mzima, na helmeti!

Jumamosi, 5 Aprili

Idd imepita na wale wanawake wa Mumias wamekuja, kundi lote, na Bi Zeituni mbele yao na viatu vipya vya kupandia milima. Anauza vitambaa sokoni na kila baada ya mfungo anawakusanya wenzake waende mahali wapumue. "Assalaam aleikum, Mama wa Msitu!" Ananiita hivyo tangu mwaka juzi. Nikawabana mahema kandokando ya mikaratusi, kamba zikifungwa huku na kule kama nguo za kuanika.

Alfajiri tulipanda Lirhanda. Njia ilikuwa tope tupu na Raisa, binti wa Bi Zeituni, alianguka akacheka mpaka akaanguka tena. Juu, ukungu ulikuwa umefunika msitu wote na sisi tukakaa tukinywa chai ya chupa. Halafu jua likachomoza upande wa Nandi, ukungu ukaanza kupasuka, na mbega wakaanza kunguruma huko chini. Bi Zeituni alilia. Kila mwaka analia hapo, na kila mwaka anasema ni upepo.

Tukiteremka akaniuliza kuhusu ile miti. Nikamweleza yote. Akasema, "Nina kijana wangu Bilal, ana mikono miwili na hana kazi leo. Nimwite aje akupandie?"

"Bi Zeituni, Bilal akipanda, kwa mila yetu shamba ni la Bilal."

Alisimama njiani akanitazama. "Basi hapa anayeweza kukupandia bila kukunyang'anya ni wewe peke yako."

Subhana! Nimekaa na hilo jambo tangu Machi, nimezunguka kwa pasta, nimezunguka kwa Griffin, na mwanamke wa Mumias ameliona kwa dakika moja akiwa na tope mpaka magotini.

Jumapili, 6 Aprili

Nimepanda.

Sikujificha. Nilingoja watu watoke kanisani, kwa sababu njia ya kutoka kanisani inapita chini ya mteremko wangu. Miche niliichukua kitaluni jana jioni: lusiola, na mikumari, miti ya kwetu isiyokausha chemchemi. Sikuiweka mahali pa mahema. Niliipanda kuzunguka pembe zote, nikaizunguka mikaratusi kama mtu anayefunga ng'ombe zizini. Nilivaa gauni langu jekundu la Pasaka, ili nisichanganywe na mtu mwingine.

Msafara ulisimama, wa mbele kwanza, wa nyuma wakawagonga. Awinja ndiye aliyepata sauti. "Mulembe, Mama Sylvia. Ni nini unafanya?"

"Mulembe. Napanda miti."

"Woi! Na mume?"

"Mume wangu yuko pale, chini ya simiti, na wewe ulikula wali kwenye mazishi yake. Huu mti utamuua mara ngapi?"

Mtu mmoja alicheka, halafu akajifanya anakohoa. Wakaondoka. Mama mkwe wangu alikuwa nao. Alisimama pale njiani peke yake, akaitazama miche yangu, akaitazama mikaratusi, halafu akaenda zake kimya. Mama huyu nimempikia miaka yote. Nimemkanda miguu. Leo amemeza ulimi kwa sababu Lusweti alitoka tumboni mwake na mimi sikutoka. Sawa. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nimepanda na mvua imenyesha juu yake vizuri.

Jumatano, 9 Aprili

Kuku wa Awinja wamekufa. Inasemekana ni miti yangu.

Ijumaa, 11 Aprili

Transfoma imelipuka, giza mtaa mzima. Miti yangu.

Jumatatu, 14 Aprili

Timu ya kijiji imefungwa na watu wa Likuyani mabao manne. Gentrix anasema hata hayo nimelaumiwa. Nikamwuliza, kipa alikuwa wapi, amepanda mti naye?

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka

Lusweti amekuja na familia yake. Nilidhani atanipita. Aliteremka kwenye gari, akapanda mteremko moja kwa moja, na watu waliokuwa wametoka kanisani wakasimama kutazama, maana walijua. Nilikuwa na wageni wawili wa Eldoret wanapiga picha.

Akaushika mche wangu wa kwanza akaung'oa. Akaushika wa pili.

"Shemeji!" nikapiga kelele. "Si mila inasema mti wa mtu hung'olewa na aliyeupanda?"

Akageuka kwa watu, sio kwangu. Akasema kwa sauti ya mkutano, "Kilichopandwa na mwanamke si mti. Ni kijiti. Na vijiti vikizagaa kwa boma ya baba yangu, naviokota." Akaendelea kuokota. Aliing'oa yote akaitupa kwenye lundo, akajipangusa mikono na leso. Akasema mambo yataletwa mbele ya liguru, mzee wetu wa kijiji, tarehe ishirini na nne mwezi wa tano, na siku hiyo nitaonyeshwa mpaka wangu.

Mimi sikulia mbele yake. Nililia jikoni, Gentrix akinishika mabega, na nilitukana, na mzee wa kanisa akitaka aje anisikie.

Wageni wa Eldoret waliniuliza kama kila kitu kiko sawa. Nikawaambia hiyo ni sehemu ya utamaduni wetu, piga picha.

Jumatatu, 21 Aprili

Nimeirudisha miche yote. Mizizi ilikuwa bado mibichi. Iliyovunjika nimeweka mipya. Mchana kweupe, gauni lile lile.

Alhamisi, 24 Aprili

Mvua ya mawe. Miche imesimama. Mikaratusi nayo imesimama, bahati mbaya.

Jumamosi, 3 Mei

Wanafunzi wa chuo, kelele tupu, na mmoja aliyeitwa Kipruto aliyejifanya haogopi popo kwenye pango la zamani la wachimba dhahabu. Alitoka mbio kuliko wote. "Madam, wale si popo, wale ni mbuzi wanaruka!" Nimecheka leo mara ya kwanza tangu Pasaka. Wamepiga kambi wakibanana, wakaniuliza mbona kuna miti katikati ya hema. Nikawaambia ni ya mtu, anakuja kuichukua. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Nilikuwa najigamba tu.

Jumanne, 6 Mei

Mbele ya duka wanawake wa kwaya wamenyamaza nilipofika. Nimenunua chumvi nikawasalimu mmoja mmoja, kwa jina, polepole. Wakalazimika kuitikia wote.

Jumatatu, 12 Mei

Mama mkwe wangu ameanguka.

Nilipita kwake asubuhi kwa sababu moshi haukuwa unatoka jikoni. Tuseme ukweli, sikuwa nimepita kwake tangu Pasaka. Nilimkuta sakafuni, mwili unawaka moto, anapumua kama anapanda kilima. Nikapiga mayowe. Aliyefika wa kwanza ni Griffin na bodaboda yake, na huyo Griffin hakuniangalia usoni lakini tulimbeba, mimi nyuma, Mama katikati, tope lote la barabara likituruka. Hospitalini wamesema ni nimonia, wamemlaza, wamemwekea oksijeni.

Lusweti anakaa Shieywe, karibu tu na hospitali. Nilimpigia saa mbili asubuhi. Alifika jioni, na neno lake la kwanza kwangu, mbele ya wagonjwa, lilikuwa, "Umefurahi sasa? Ulianza na ndugu yangu, sasa ni mama yangu."

Jumanne, 13 Mei

Nitaandika hili hata kama ni aibu.

Niliamka nikaogopa. Mimi, mwenye mdomo huu. Nilikaa kitandani nikijiuliza, na kama ni kweli? Watu wote hawa, vizazi vyote hivi, wote ni wajinga isipokuwa mimi, Muhonja, peke yangu? Isaiah alikufa kabla sijapanda chochote, najua, lakini hofu haihesabu. Nikaenda mteremkoni kabla ya chai. Umande ulikuwa mzito, na ndani ya msitu ndege wa asubuhi wanapigiana kelele. Nikashika lusiola ya kwanza, nikafunga vidole chini kabisa, karibu na udongo. Ningevuta tu. Ningeng'oa yote, nikampigia Lusweti nikamwambia umeshinda, mama yako apone, chukua kilima.

Na mche ulikuwa umetoa jani jipya. Dogo, jekundu kidogo, bado limekunjika. Nililitazama nikakasirika sana. Nimonia! Mwanamke wa miaka sabini na kitu amelala kwenye nyumba inayovuja msimu mzima, mtoto wake wa mjini hajamletea hata bati moja, halafu alaumiwe huyu mche wa urefu wa kiganja? Aka! Nikauachia. Nikaupalilia.

Halafu nikapanda juu ya nyumba ya Mama nikaziba pale palipokuwa panavuja. Nasikia mwanamke pia hapandi juu ya paa. Shauri yao.

Ijumaa, 16 Mei

Oksijeni wameitoa. Nilimpelekea uji wa wimbi. Sylvia wangu, aliyetoka bweni kwa mapumziko mafupi, alimlisha kukhu, nyanya yake, kijiko kwa kijiko akimtania kwamba anakula kama bibi harusi.

Sylvia alipotoka kuosha kikombe, Mama akanishika mkono. Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Vile vijiti vyako. Ulirudisha?"

"Nilirudisha, Mama. Siku ya pili yake."

"Vizuri."

Sikuamini masikio yangu. Nikasema, "Mama, watu wanasema ugonjwa huu..."

"Nimesikia. Hata muuguzi ameniambia." Akavuta pumzi. "Nikifa, nimekufa kwa uzee na kwa baridi. Usiupe mti sifa ambayo si yake."

Nimetembea kutoka hospitalini mpaka stendi nikiwa nalia hadharani, na mwanamke mmoja anayeuza ndizi akanipa moja bure akidhani nimefiwa. Mgala muue na haki yake mpe. Huyu mama nilimhukumu bila kumsikia. Alinyamaza, ndiyo, na kunyamaza kwake kuliniumiza sana, lakini sasa sijui tena alikuwa ananyamaza nini.

Jumanne, 20 Mei

Mama amerudi nyumbani. Hataki kulala kwangu, hataki kulala kwa mtu. "Nyumba yangu imezibwa," anasema, na ananiangalia.

Ijumaa, 23 Mei

Kesho. Gentrix ameniambia nivae nguo ya heshima na niongee polepole. Nimemwambia nguo nitavaa. Bi Zeituni amenitumia ujumbe kutoka Mumias: tunakuombea dua, na wiki ijayo tunakuja, usitupangie mahali pengine.

Kama nikishindwa hakutakuwa na mahali pengine.

Jumamosi, 24 Mei

Walikuja wengi, ukoo mzima na wasiohusika, na kabla liguru Shivachi hajafungua mkutano kwa maombi, mvua ikafungua wa kwake. Hakukuwa na pa kukimbilia ila chini ya turubai la kambi yangu. Kwa hiyo walikuja kunihukumu wakiwa wamekalia viti vyangu, chini ya turubai langu, wakinywa chai ya Gentrix. Niliwaangalia nikasema moyoni, haya, tuendelee.

Liguru akampa Lusweti nafasi. Lusweti alisimama na koti zuri.

"Wazee, mimi sina maneno mengi. Mila yetu mnaijua. Mti ni wa mwenye shamba. Nimepanda hapa tangu mwezi wa tatu, mchana, na hakuna mwanamume wa ukoo amekataza. Shemeji namheshimu, atabaki na nyumba yake. Lakini mteremko huu ni wa boma, na alama yangu iko ndani. Hivi vingine mnaviona pembeni ni vijiti."

Wazee wakatikisa vichwa. Liguru akasema, "Mama Sylvia, na wewe?"

Nilikuwa nimejipanga. Nilikuwa na maneno tangu Machi. Lakini kabla sijasimama vizuri, kiti cha nyuma kikalia, na mama mkwe wangu akainuka akiwa amejifunga blanketi.

"Lusweti," akasema. "Ulipanda na mkono gani?"

"Mama, kaa. Bado unaumwa."

"Nimekuuliza mkono. Wa kulia ama wa kushoto?"

Lusweti akacheka kidogo, akawaangalia wazee wacheke naye. Hakuna aliyecheka.

"Basi mimi niseme," Mama akaendelea. "Alikuja na pikapu na vijana wa kuchimba. Wakachimba mashimo. Mvua ikatisha, vijana wakakimbia. Na huyu alikuwa amevaa viatu vya kung'aa. Akaingia kwa gari akafunga kioo. Akafungua kidogo, hivi, akaniambia, 'Mama, nisaidie kuweka hizo kwa mashimo, mimi nina mkutano mjini.' Mimi ni mzazi, mtoto akiomba sikatai. Nikaweka. Mmoja mmoja, mpaka wa mwisho pale chemchemi. Nikafukia, nikakanyaga. Yeye alikuwa anatazama kwa dirisha." Akapumzika kidogo. "Nilinyamaza kwa aibu. Nilimsaidia kumwibia mke wa mtoto wangu na sikujua namna ya kusema. Sasa nimesema."

Hapo ndipo ilipoingia kelele! Awinja alisema "Woi" mara nne. Liguru akapiga meza, kikombe kikaanguka.

"Lusweti. Ni kweli?"

"Ilikuwa mvua! Mama alinipandia kwa niaba yangu. Miti ni yangu, nilinunua mimi!"

Sasa nikasimama. Na sikuongea polepole, Gentrix anisamehe. "Shemeji, siku ya Pasaka ulisimama hapa, mbele ya hawa hawa, ukasema kilichopandwa na mwanamke si mti, ni kijiti. Uliing'oa yangu kwa neno hilo. Sasa chagua. Kama mikaratusi hii ni vijiti, huna alama yoyote hapa. Kama ni miti, basi hata yangu ni miti, na mimi ndiye mwenye shamba. Chagua moja, wazee wanangoja."

Lusweti alijifunga vifungo vya koti. Mwishowe akasema, "Mila si hesabu."

"Hata hesabu si mila," liguru akasema, "lakini ameuliza swali. Jibu."

Lusweti akaangalia viatu vyake. Mvua ilikuwa inapiga turubai na sote tulikuwa tunamtazama, na nilimwona kwa mara ya kwanza kuwa ni mtu mzima anayemwogopa mama yake tangu utotoni.

"Wacha nimrahisishie," Mama akasema. "Si mnasema mti hung'olewa na aliyeupanda?"

Akatoka mvuani. Nilimkimbilia nimrudishe, mapafu yake bado mabichi, akanisukuma kwa kiwiko. Nikamshikia mwavuli, ndilo aliloruhusu. Akainama kwenye mkaratusi wa kwanza, akaushika kwa mikono miwili, akauvuta. Udongo ulikuwa laini, ukatoka bila kelele. Akaenda wa pili. Hakuna aliyemgusa, wala liguru, wala Lusweti, kwa sababu nani atamkataza mtu kung'oa alichopanda mwenyewe? Alipochoka alikaa kwenye kiti nilichomletea, akapumua, akaendelea. Awinja ndiye aliyekuja kumsogezea kiti mara ya pili. Awinja wa kuku!

Alipomaliza alikusanya mzigo wote kwenye blanketi lake, akaurudisha turubaini akiwa amelowa chapachapa, akautua juu ya vile viatu vya kung'aa vya mwanawe.

"Peleka kwako Shieywe. Panda huko. Na mkono wako."

Lusweti akasema kwa sauti ndogo, "Mama, kule ni nyumba ya kupanga. Kote ni simiti. Nitapanda wapi?"

"Na ulitaka huyu naye apande wapi?" Mama akamwuliza.

Liguru alivaa kofia yake. Alisema hana la kuongeza, kambi iendelee, na kama kuna chai imebaki atachukua nusu kikombe.

Jumapili, 25 Mei

Sikwenda kanisani. Mama anakohoa kidogo, nimemfunika blanketi kavu na kumpa supu ya ingokho, na ananitukana kwa sababu ina pilipili kidogo mno.

Pale kwenye nyasi mahali pa mahema nimefukia na kusawazisha, Bi Zeituni na wenzake walale vizuri. Lakini chini, kuzunguka chemchemi, Lusweti alikuwa ameniachia mashimo mazuri sana, marefu, yamechimbwa na wanaume wenye nguvu. Sikuona sababu ya kuyapoteza. Watu wakitoka kanisani nilikuwa nimeinama humo, nimevaa nyekundu, natia mikumari yangu shimo kwa shimo.